UTI isiyosikia dawa kwa mtoto wa miaka minne: je, mwili umezoea antibiotiki?

SWALI: Daktari, shikamoo. Binti yangu ana miaka minne na ametibiwa UTI mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mara mbili za kwanza alipimwa mkojo, tukaambiwa una usaha, akapewa amoksilini na homa ikaisha. Mara ya tatu homa haikushuka hata siku ya tatu ya dawa. Mkojo ukaoteshwa, yaani ukawekwa maabara kuona ni bakteria gani anaota, majibu yakasema E. coli, na mbele ya amoksilini, kotrimoksazoli na sefiksimu kukawa na herufi R. Alichomwa sindano siku kadhaa, akapona. Sasa naogopa. Je, mwili wake umezoea dawa? Dawa zitamwishia? Wapo wanaonishauri apewe antibiotiki kidogo kila siku kama kinga. Halafu nina mdogo wake wa miezi miwili, naye anaweza kuambukizwa?

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa kuuguza.

Nianze na hofu yako kubwa. Mwili wa binti yako haujazoea dawa. Aliyebadilika ni bakteria, na bakteria huyo anakaa kwenye utumbo wa mtoto, ambako wakazi hubadilika badilika. Walio wengi leo wanaweza kuwa wachache baada ya miezi kadhaa, ilimradi tusiendelee kuwapa nafasi. Kwa hiyo usiyasome majibu yale ya maabara kama hukumu ya maisha. Yanaeleza hali ya bakteria wa siku ile.

UTI nyingi za watoto, kama 8 hadi 9 katika kila 10, husababishwa na bakteria aitwaye E. coli. Huyu ni mkazi wa kawaida wa utumbo mpana, na akiwa huko kwa kawaida hana neno. Taabu huanza anapotoka kwenye njia ya haja kubwa, akatambaa juu ya ngozi hadi kwenye tundu la mkojo, kisha akapanda kwenye kibofu. Kwa wasichana safari hiyo ni fupi sana. Sasa fikiria kinachotokea mtoto anapopewa amoksilini kwa ajili ya mafua au kikohozi ambacho kingeisha chenyewe. Dawa haiendi kooni peke yake; inapita pia tumboni, inaua E. coli walio dhaifu, inawabakiza wenye uwezo wa kuivunja. Waliobaki wanazaana na kuijaza nafasi iliyoachwa wazi. Wiki chache baadaye, bakteria atakayepanda kwenye kibofu atatoka kwenye kizazi hicho. Ndiyo maana mtoto anaweza kupata UTI sugu ingawa hajawahi kuugua UTI kabla.

Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha mapitio ya tafiti 58 kutoka nchi 26, zenye sampuli zaidi ya 77,000 za E. coli kutoka mikojo ya watoto. Katika nchi tajiri, zaidi ya nusu ya bakteria hao walikuwa sugu kwa ampisilini, ambayo ni ndugu wa karibu wa amoksilini. Katika nchi nyingine walikaribia 80 kwa 100. Lakini kilichonigusa zaidi ni jambo jingine: watoto waliokuwa wametumia antibiotiki mwezi mmoja uliotangulia walikuwa na uwezekano mkubwa mno wa kubeba bakteria sugu, mara 13 hivi kwa hesabu ya watafiti. Athari hiyo ilipungua kadiri muda ulivyopita, ingawa iliendelea kuonekana hadi miezi 6. Hapo kuna habari mbaya na habari njema kwa pamoja. Mbaya ni kwamba dozi moja isiyo ya lazima huacha alama kwa muda mrefu. Njema ni kwamba alama hiyo hufifia.

Sasa nikuulize jambo ambalo pengine hukulitarajia. Una uhakika gani kwamba zile mara mbili za kwanza zilikuwa UTI?

Unasema mliambiwa mkojo una usaha. Seli za usaha ni chembe nyeupe za damu, na zinaweza kuonekana kwenye mkojo wa mtoto yeyote mwenye homa, hata homa hiyo iwe imetokana na virusi. Zinaweza pia kuingia kutoka ukeni ikiwa sehemu za siri zimewashwa na sabuni, zimechubuka, au kuna minyoo midogo inayotoka usiku na kumfanya mtoto ajikune. Mtoto wa namna hiyo hulia anapokojoa, kipimo kinaonyesha usaha, anapewa dawa, anapona ndani ya siku tatu kama ambavyo angepona bila dawa. Kila mtu anaamini dawa imefanya kazi. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa binti yako, siwezi kulijua hilo nikiwa mbali. Nasema kwamba kati ya mara tatu hizo, ni moja tu yenye ushahidi, ile ambayo mkojo ulioteshwa. Na inawezekana kabisa kwamba dozi mbili za kwanza ndizo zilizomwandalia njia yule bakteria wa tatu.

Kwa hiyo ukitoka na jambo moja katika jibu hili refu, litoke hili: mkojo kwanza, dawa baadaye. Dozi moja tu ya antibiotiki inaweza kuufanya mkojo usioteshe kitu, na tukishapoteza sampuli hiyo tumebaki kubahatisha.

Sampuli yenyewe ina masharti. Kwa mtoto wa miaka minne anayeweza kukojoa akiambiwa, msafishe kwa maji, mkalishe miguu ikiwa imetanuka, acha mkojo wa kwanza udondoke, kisha kinga wa katikati kwenye chombo safi kutoka maabara. Usiumimine kutoka kwenye poti. Ukishaupata, ufike maabara ndani ya saa moja, au uwekwe kwenye jokofu usizidi saa nne, kwa sababu bakteria wachache wa ngozi wakiachwa kwenye joto huzaana hadi waonekane kama ugonjwa. Kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kinasaidia kupata fununu: kikionyesha naitraiti, kemikali inayozalishwa na bakteria wengi wa UTI, uwezekano wa UTI ni mkubwa sana. Kisipoonyesha, usishangilie upesi, maana bakteria huhitaji kama saa nne ndani ya kibofu kuizalisha, na watoto wadogo hukojoa kila mara. Kuna bakteria wengine pia wasioizalisha kabisa.

Majibu ya kuotesha huchukua siku 2 hadi 3, na hapa wazazi wengi huniuliza kama inabidi kungoja. Kama mtoto ana homa kali, hapana. Sampuli ikishachukuliwa, dawa ianze siku hiyo hiyo, kwa sababu maambukizi yaliyofika kwenye figo yakicheleweshewa tiba huongeza hatari ya kovu, na kovu la figo halifutiki. Kama hana homa, anacheza, analalamika tu kuwashwa anapokojoa, daktari anaweza kuamua kusubiri kidogo. Hayo ni maamuzi ya kufanyika mtoto akiwa mbele ya macho.

Turudi kwenye karatasi yako. Herufi R maana yake bakteria huyo ni sugu kwa dawa hiyo. S maana yake dawa inamweza kwa dozi ya kawaida, na I kwa kawaida humaanisha inamweza ikiwa dozi itaongezwa. Kuwa na R kwenye amoksilini si ajabu tena siku hizi. Iliyonishtua ni R ya sefiksimu. Sefiksimu ni ya kizazi cha tatu cha sefalosporini, kundi mojawapo la antibiotiki, na E. coli anayeishinda mara nyingi huwa anatengeneza kimeng'enya kinachokata kiini cha dawa za kundi hilo na la penisilini kwa pamoja. Madaktari hukiita ESBL. Maelekezo ya kukitengeneza yako kwenye kipande kidogo cha vinasaba kiitwacho plasmidi, ambacho bakteria mmoja humpa mwenzake, hata wa aina nyingine, kama wanafunzi wanavyopitishiana majibu chini ya dawati. Mara nyingi kipande hicho hicho hubeba pia usugu dhidi ya kotrimoksazoli. Hiyo ndiyo sababu unakuta R tatu au nne zimepangana, hata kwa dawa ambazo binti yako hajawahi hata kuzionja.

Je, dawa zitamwishia? Kwa bakteria wa aina hii bado tunazo. Sindano ya amikasini hufanya kazi kwa wengi wao, na nadhani ndiyo aliyochomwa, au jamii ya karbapenemu, ambayo ni silaha tunayoilinda sana. Kwa maambukizi yaliyoishia kwenye kibofu, nitrofurantoini, dawa ya zamani mno, bado inawamudu E. coli wengi sugu. Ila ina sharti moja ambalo karatasi ya maabara haikuambii: haifiki kwenye nyama ya figo kwa kiwango cha kutosha. Mtoto mwenye homa ya 39 na maumivu ya ubavuni akipewa nitrofurantoini kwa sababu tu imeandikwa S, atakuwa kama hajatibiwa. Kosa jingine ni kuangalia zile S na kuchagua dawa kali kuliko zote. Shirika la Afya Duniani lilianza mwaka 2017 kuzipanga antibiotiki katika makundi matatu: za kutumiwa kwanza, za kutumiwa kwa tahadhari na za akiba. Mwaka 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu zitoke kwenye kundi la kwanza. Mtoto wako ananufaika na hilo moja kwa moja, kwa sababu karbapenemu ikitumiwa ovyo leo, kesho hatutakuwa na cha kumpa.

Itunze karatasi hiyo. Akipata homa tena miezi ijayo, majibu ya mara iliyopita ndiyo mwongozo bora wa kuchagua dawa ya kuanzia kabla mapya hayajatoka. Ukifika hospitali usiseme tu "dawa ya kawaida haikumsaidia", toa karatasi. Na majibu mapya yakitoka, yafuatilie mwenyewe. Yakionyesha hakuna bakteria, uliza kama dawa isimamishwe. Yakionyesha dawa nyembamba, yaani inayolenga bakteria wa aina chache, inatosha, uliza kama ibadilishwe. Watu wengi husahau hatua hii, nasi madaktari tukiwemo, kwa kuwa mtoto ameshapata nafuu na foleni ni ndefu.

Kuhusu siku za dawa, zamani tulikuwa tunaandika 7 hadi 14 kwa UTI yenye homa, na wapo wanaoamini kwamba kadiri dozi inavyokuwa ndefu ndivyo usugu unavyozuiwa. Kwa bakteria wa tumboni ni kinyume: kila siku ya ziada ni siku ya kuwachuja dhaifu na kuwabakiza sugu. Kwa UTI ya kibofu bila homa, siku 3 hadi 5 mara nyingi zinatosha. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 uliwalinganisha watoto walioanza kupata nafuu, baadhi wakisimamisha siku ya 5 na wengine wakiendelea hadi ya 10. Tiba ilishindikana kwa takriban 4 katika 100 wa kundi la siku 5, na kwa chini ya 1 katika 100 wa kundi la siku 10. Siku 10 zilikuwa bora kidogo, lakini hata siku 5 ziliwatosha walio wengi. Kwangu mimi, mtoto mwenye historia kama ya binti yako namwandikia siku 7 hadi 10 akiwa na homa, na simwongezei hata moja kwa sababu ya wasiwasi. Wewe usimkatishie dawa mwenyewe nyumbani. Kama amepona haraka, piga simu uulize. Dawa ya maji pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa mililita, si kwa kijiko cha jikoni, maana vijiko havilingani na dozi pungufu haimsaidii mtu isipokuwa bakteria. Itakayobaki usiiweke akiba. Ikishachanganywa na maji haidumu.

Akipona, mkojo usipimwe tena "kuhakikisha". Najua inakera kusikia hivyo. Lakini watoto wengine hubeba bakteria kwenye kibofu bila dalili yoyote, na hao hawahitaji dawa. Ukipima utawakuta, ukiwakuta utashawishika kuwatibu, na ukiwatibu unafungua mlango kwa walio wabaya zaidi.

Hiyo ya dawa kidogo kila siku kama kinga imefanyiwa utafiti mzuri. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya watoto 607 nchini Marekani, wote wakiwa na tatizo la mkojo kurudi nyuma kutoka kibofuni kuelekea kwenye figo. Nusu walipewa kotrimoksazoli kila siku kwa miaka miwili, nusu dawa bandia. Waliopewa dawa halisi walipata UTI za kujirudia pungufu kwa karibu nusu. Ila makovu ya figo hayakutofautiana. Na UTI ya kwanza kujirudia iliposababishwa na E. coli, bakteria huyo alikuwa sugu kwa dawa hiyo kwa asilimia 63 kwenye kundi la dawa, dhidi ya asilimia 19 kwenye kundi la dawa bandia. Binti yako tayari ana bakteria anayeishinda kotrimoksazoli, kwa hiyo kwake kinga hiyo ingekuwa hasara tupu. Kuna watoto ninaowapa kinga, hasa wenye mkojo unaorudi kwa kiwango kikubwa. Kabla ya kujua kama yumo kati yao, anahitaji kipimo cha ultrasound ya figo na kibofu. Homa iliyokataa kushuka baada ya saa 48 za dawa, na UTI kujirudia, ni sababu mbili zinazotosha kukiomba. Hakina maumivu wala mionzi.

Nina jambo jingine ambalo naliona lina uzito kuliko kinga hiyo, na sijasikia ukilitaja: choo chake kikoje?

Utumbo uliojaa kinyesi kigumu umekaa nyuma kabisa ya kibofu. Unakibana, kisimwage mkojo wote, na mkojo uliobaki ndimo bakteria wanamozaana. Miaka minne ni umri hasa wa tatizo hili. Mtoto ametoka kwenye nepi, ana michezo mingi, choo cha shule hakipendi, anajibana huku amekunja miguu au amechuchumaa kwenye kisigino. Anaweza kwenda haja kubwa kila siku na bado akawa amefunga choo, kwa sababu anachotoa ni kidogo kuliko anachobakiza. Dalili nyingine ni nguo ya ndani kuchafuka kidogo kidogo, tumbo kujaa, au kinyesi kikubwa mno kwa umri wake. Kama ndivyo, maji na vyakula vyenye nyuzinyuzi pekee havitatosha. Atahitaji dawa ya kulainisha choo kwa wiki nyingi, mara nyingi miezi, na si siku tatu. Mkumbushe kukojoa kila baada ya saa mbili au tatu, akae vizuri, miguu ikanyage kitu imara, asikimbizwe. Nimeona watoto waliokuwa wakizunguka na antibiotiki mwaka mzima wakatulia baada ya choo kurekebishwa.

Usafi utakuwa umeshaambiwa, pengine kwa namna ya kukulaumu. Kumfuta kutoka mbele kwenda nyuma ni jambo zuri, endelea nalo. Lakini UTI za kujirudia kwa nadra hutokana na uchafu, na sabuni kali au dawa za kuua vijidudu sehemu za siri huwasha ngozi na kuleta shida zaidi. Maji yanatosha. Juisi na vidonge vya kranberi vilipitiwa upya na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, mwaka 2023 na vikaonekana kupunguza marudio kwa watoto; kama vinapatikana na anavipenda, sina pingamizi, ila havitibu UTI iliyokwisha kuanza.

Na huyu wa miezi miwili. UTI yenyewe haiambukizi kama mafua, lakini bakteria sugu husafiri ndani ya nyumba kwa njia ya mikono, kutoka kwenye choo cha mmoja hadi kwenye kinywa cha mwingine. Nawa kwa sabuni baada ya kumsafisha mkubwa na kabla ya kumshika mdogo, mfundishe na dada yake kunawa. Akipata homa ya 38 au zaidi, au akakataa kunyonya, akatapika mfululizo, akalegea, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Chini ya miezi mitatu UTI inaweza kuingia kwenye damu haraka, na hatibiwi kwa dawa ya maji nyumbani. Usimpe dawa iliyobaki ya dada yake. Hospitalini watahitaji mkojo safi, na ule wa kubandika mfuko haufai kuoteshwa, kwa kuwa huchafuliwa na ngozi. Watatumia mpira mwembamba unaopitishwa kwenye tundu la mkojo, au watamsugua chini ya kitovu kwa kitambaa chenye maji baridi ili akojoe wakikinga. Njia hii ya pili ilijaribiwa Australia: ndani ya dakika 5 walikojoa watoto 31 katika 100, wakati waliosubiriwa tu walikojoa 12. Waambie mapema kwamba nyumbani kuna mtoto aliyekuwa na E. coli sugu kwa sefiksimu, maana hilo linaweza kubadilisha sindano ya kwanza watakayochagua. Kama hana homa wala dalili yoyote, hahitaji kupimwa mkojo kwa sababu tu dada yake aliugua.